Mnyororo Uliokaza Njiani

Krrr... nyiii. Krrr... nyiii.

Sauti ilitoka chini ya kiti cha pikipiki, nikajifanya sijaisikia. Nyuma yangu alikaa mama, jicho la kulia limefunikwa bendeji, siku ya tisa tangu apasuliwe. Daktari alitukanya: asitikiswe, mshono ukifumuka jicho limekwenda. Saa tatu alitakiwa hospitali, na huko kwetu mlimani gari halifiki.

Ndiyo maana jana niling'oa shokomzoba za nyuma, zilizochoka hadi kila tuta tulilihisi kwenye meno. Nikafunga za pikipiki ya aina nyingine, kubwa zaidi: springi nene, ndefu kuliko zangu kwa vidole viwili. Matundu ya boliti yalilingana. Fundi wa kona aliyeniuzia alisema, "Ngoja nikufungie, kuna vitu vya kupima." Nikamjibu kwamba mikono ninayo. Akacheka. "Haya, profesa."

Na kweli, tuta la kwanza tulilipita kama tumekalia godoro.

"Leo umenibeba kama yai," mama akasema. Kifua kikanijaa.

Kisha ndipo sauti ikaanza.

"Mwanangu, hiyo ni nini?"

"Ni vitu vipya, mama. Vinazoeana."

"Vinazoeana au vinagombana?"

Kila tulipoingia shimoni sauti ilipanda, na pikipiki ikasita kama imeshikwa mkia. Mbele kulikuwa na mteremko mkali. Nikawaza mnyororo ukikatika, ukijisokota kwenye gurudumu, gurudumu likifunga ghafla. Nikamwona mama chini, uso kwenye kokoto.

Nikasimama, nikamshusha, nikaugusa mnyororo. Umelegea vizuri tu! Nikampakia tena. Hatua kumi hazikuisha: nyiii.

Spana sikuwa nayo hata moja. Nilijiamini mno hata nisibebe. Saa mbili na robo. Nikampigia fundi, nikamweleza tulipo.

"Mnyororo uliupima vipi?" akauliza.

"Pikipiki ikiwa juu ya stendi yake."

"Gurudumu likiwa hewani?"

"Ndiyo."

"Profesa wewe! Shokomzoba ndefu inalishusha gurudumu zaidi likining'inia. Mkikaa linapanda, mnyororo unakaza kama waya. Unapimwa watu wakiwa wamekaa! Usisogee hapo. Nakuja."

Alifika akihema, spana mfukoni. Akatukalisha wote wawili, mama taratibu kama anayekalia maji, kisha akaniambia niiname niushike mnyororo. Ulikuwa mgumu kama nondo. Akatushusha, akalegeza nati ya ekseli, akalisogeza gurudumu mbele kidogo, akakaza. Tukapanda tena, akapima tena. Mara tatu.

"Asante, kaka. Nilikosea," nikasema kwa sauti ya chini.

"Sijasikia."

"Nilikosea!"

Fundi akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshuka na hakupanda tena. Mkono mmoja ameuweka juu ya bendeji.

"Ile sauti," akasema, "uliisikia kabla yangu, sivyo?"

"Niliisikia, mama."

"Na ukaendelea kuendesha."

"Nikaendelea."

Akanitazama kwa lile jicho moja mpaka nikainamisha kichwa. Dakika kumi na tano zimebaki, na mteremko ungali mbele yetu.

"Mama, ukisikia chochote," nikasema, "hata ukidhani tu, nipige bega. Nitasimama papo hapo, wala sitakubishia. Nakuahidi."

Akaniwekea mkono begani, akapanda.