Swali la Kopo la Dawa

Mwaka ule kampuni binafsi ya tumbaku ilipofungua ofisi Majengo, Songea, Mwalimu Daimu, mstaafu aliyelelewa msikitini kwa tajwidi na tenzi, aliombwa atunge mtihani wa Kiswahili wa kuwachuja mabwana na mabibi shamba watakaotumwa Namtumbo. Sehemu ya maandishi aliitunga kwa siku tatu. Mazungumzo aliyaendesha mwenyewe, watahiniwa wote wakiwa wameketi ukumbini. Alijifanya mkulima, akasema: "Kopo la dawa ya wadudu nikishalisuuza, nalitekea maji ya kunywa." Mtahiniwa alitakiwa amsahihishe.

Wageni wa mikoa mingine walimrukia kama kunguru. Wenyeji saba waliitikia, "Ndiyo, baba," wakanyamaza. Mmoja wao ni Aurelia wa Peramiho, aliyewashinda wote kwa maandishi. Hapo aliambulia sifuri, na kazi ilikuwa ikimponyoka.

Alipojumlisha alama, mzee alisita. Wote saba, swali lile lile! Mizani ikiwapunja watu wa upande mmoja tu, mkaguzi huanza na mizani. Akamwita Aurelia, aliyekuwa bado barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mbona ulinikubalia sumu?"

Aurelia akainamisha macho. "Sikukubali, Mwalimu. Mzee hakanushwi mbele ya watu. Nilingoja watoke nikwambie kando, nawe ukaita mwingine."

Clinton, meneja wa kampuni, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akacheka. "Na mkulima akinywa kabla hujamvuta kando, dada?"

Hoja ilikuwa ya kweli, na Mwalimu aliikubali kwa kichwa. "Akiaibishwa mbele ya majirani," alisema, "atalinywea makusudi. Niache nimpime binti huyu tena, mlango ukiwa umefungwa."

"Orodha ya waliofaulu naibandika saa nane, Mwalimu."

Mlango ukafungwa. Mzee akarudia uwongo wake.

"Baba," Aurelia alisema taratibu, "maji hayo watayanywa wajukuu zako. Sumu haitoki kwa kusuuzwa. Litoboe kopo, ulifukie mbali na kisima. Kwani mtungi wako wa zamani una kosa gani?"

Mwalimu Daimu aliandika ishirini juu ya ishirini, lakini moyo haukutulia. Wale wenyeji sita wengine walikwisha kwenda stendi kungoja gari, na saa saba ilikuwa imepita. Akavaa kofia yake.

"Kosa ni la mtungaji," alimwambia Clinton, akatoka kuelekea stendi kwa mwendo ambao watu wa Songea walikuwa hawajapata kumwona nao.