Mkanda wa Polycarp

Kila Clemensi alipoulizia picha za bendi, Polycarp mpiga picha alimjibu neno lile lile: "Mkanda haujaisha." Karatu ya mwaka 1984, mikanda ilikuwa adimu kama sukari, na hakuna mpiga picha aliyepeleka Arusha kusafishwa mkanda usiojaa. Clemensi alilijua hilo, lakini moyo wake uligoma kabisa. Mchaga huyu ana lake jambo, aliwaza.

Bendi yao, Vumbi la Olbalbal, ilikuwa changa mno. Kaseti ya panki, muziki wa fujo wa Kizungu, iliyosahauliwa na mtalii aliyetoka kreta ndiyo iliyowatia wazimu. Wakachana suruali, wakajichomeka pini kwenye fulana, wakapiga makelele ghalani hadi kuku wa jirani wakasusa kutaga. Polycarp aliwapiga picha humo humo: Clemensi na gitaa, Leonida akiimba, Martini kwenye ngoma. Wiki hii Martini anakwenda jeshini, JKT. Atanyolewa, na bendi ndiyo basi tena. Ushahidi pekee kwamba waliwahi kuwapo ulikuwa ndani ya kamera ile.

Tatizo lilikuwa baba yake Martini, Mzee Felisiani, balozi wa nyumba kumi, aliyeapa kuwafikisha kituoni kwa uhuni wao. Basi Clemensi alipomwona anatoka studio na koti lake la kanisani, akicheka na Polycarp anayemsindikiza, damu ilimchemka. Tumeuzwa!

Akaingia studio bila hodi. Akaifungua kamera mgongoni, akauvuta mkanda wote, akatoka nao juani uungue kabla haujafika polisi.

Polycarp alikuwa anarudi. Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Clemensi.

"Bwana mdogo, umeua picha zenu."

"Si ulishamuuzia balozi picha zetu!"

"Balozi amekuja kuumaliza mkanda. Picha zote zilizobaki amepigwa yeye. Kakaa, kasimama, kavaa kofia, kavua. Anataka picha ya mwanawe isafishwe kabla kijana hajaondoka. Nilikuwa narudi kuuzungusha tu, urudi kwenye kopo lake."

Clemensi alianza kuukunja mkanda haraka haraka, kana kwamba jua lingeurudishia lilichokula. Alipoinua macho, Mzee Felisiani alikuwa amerudi, kasimama mbele yake. Clemensi alisahau hata shikamoo.

"Kumbe ndizo hizi! Hebu nione," mzee alisema. Akaupokea mkanda, akaunyanyua kuelekea juani, akakaza macho. "Martini wangu yuko upande gani?"