Nukta Thelathini na Moja

Kwenye jumba la uchapishaji walimwita Bi Mstari, na jina hilo halikuwa la kejeli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechora picha za vitabu vya darasa la kwanza na la pili: mtoto anayefua soksi moja akitafuta ya pili, mbuzi anayetafuna daftari la mwalimu, bibi anayesaka miwani iliyo kichwani mwake mwenyewe. Miaka ya mwanzo alichora kwa wino na karatasi. Baadaye ikaja kompyuta, na pamoja nayo kibao cheusi cha kuchorea, kipana kama sinia, na kalamu yake isiyo na wino. Wenzake wawili walishindwa nacho, wakaacha kazi. Yeye alikizoea kwa wiki moja. Unachora huku chini, picha inatokea kule mbele kwenye skrini, na jicho haliutazami mkono hata kidogo. Wengine waliona ni kama kula umefumba macho. Bi Mstari alisema mkono wenye adabu hausimamiwi.

Programu waliyotumia ilihifadhi kila mstari kwa nukta: nukta hapa, nukta pale, na mkunjo wa kuziunganisha. Ndiyo maana picha moja iliweza kuchapwa ndogo kama stempu au kubwa kama ukuta na isipoteze makali yake. Mkono ukienda bila kusita, nukta huwa chache. Tumbo la chungu, kwa mkono wa Bi Mstari, lilikuwa nukta nne. Mpanga kurasa, bwana mmoja mwembamba wa meza ya jirani, aliwahi kuwaita wageni waje wahesabu wenyewe.

“Nne tu!” alisema. “Mimi hapo ningemwaga ishirini, na chungu bado kingevuja.”

Mkono ule aliufundishwa na baba yake, aliyekuwa mwandika mabango. Maduka, zahanati, vinyozi, wote walipitia brashi yake. “Mstari ni kama kuruka mtaro,” alikuwa akimwambia. “Ukianza kuwaza katikati, umetumbukia.” Alimfundisha kuchora kwa bega, si kwa vidole. Sasa mzee alikuwa akiishi kwa bintiye, na ilikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu mikono yake ianze kutetemeka hata asiweze kufunga kifungo. Bi Mstari alimlisha kwa kijiko chenye kina kirefu, na chai akimpa kwenye kikombe cha mfuniko.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Alikuwa na chungu cha kuchora, herufi “ch”. Alivuta mstari wa tumbo, akaona kama una nywele. Akaubofya. Nukta zikajitokeza zote kwa mpigo, zimesongamana kama siafu. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu. Thelathini na moja.

Alipangusa kibao, akabadilisha ncha ya kalamu, akachora tena. Ishirini na nane. Akalaumu kahawa, akaiacha. Akalaumu kiti, akaomba kingine. Akalaumu usingizi, akaanza kulala mapema kama kuku. Chungu kilikataa kurudi kwenye nukta nne.

Programu ile ilikuwa na kilainishi, kitufe cha kusogeza kutoka sifuri hadi mia, kwa ajili ya wale ambao mkono wao haujatulia. Cha Bi Mstari hakikuwahi kutoka kwenye sifuri. Alikisogeza hadi ishirini, akiangalia nyuma kama mtu anayeiba. Mwezi uliofuata kilikuwa hamsini. Kisha tisini. Mstari sasa ulijikokota nyuma ya kalamu kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, na ulipofika ulikuwa laini, laini kabisa, kama bomba la maji. Watoto wake wa kwenye picha walipata mashavu ya mpira. Mbuzi alipoteza ujeuri wake.

“Lakini kazi yako siku hizi imetakata!” mhariri alimwambia, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. Mhariri alikuwa mama mwenye moyo mzuri, na alisema kweli tupu kama alivyoiona. “Imetulia. Zamani kulikuwa na vurugu kidogo.”

Bi Mstari alisema asante.

Nyumbani hakusema kitu, lakini mficha maradhi haishi na mgonjwa mwenzake akafaulu. Jumapili moja alikuwa akimimina chai, na mzee akawa anamtazama bila kupepesa.

“Imeanza lini?”

“Nini, baba?”

“Usinifanye mtoto. Birika umeishika kwa mikono miwili, na haijajaa.”

Aliweka birika chini. Nje jirani alikuwa akipiga zulia, pu, pu, pu.

“Miezi minne,” alisema.

Mzee alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa ikirukaruka mapajani. “Mimi nilijua nitaondoka nayo hii,” alisema. “Niliiambia hivyo. Nilikaa hapa nikaiambia, wewe na mimi tunamalizana, usimguse mtu.”

“Si kosa lako, baba.”

“Sijasema kosa. Nimesema niliiambia.”

Daktari wa mishipa ya fahamu alimpa karatasi na kalamu ya kawaida, akamwomba achore mzunguko wa konokono, kuanzia katikati kwenda nje. Bi Mstari alikuwa amechora konokono wa herufi “k” katika matoleo matatu ya kitabu. Alichora. Mstari ulitoka una meno kama msumeno. Daktari aliuangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Nani mwingine kwenye familia?”

“Baba.”

“Ni ya ukoo, basi. Haiui,” alisema daktari. “Lakini haitoki. Nitakupa vidonge vya kupunguza.”

Vidonge vilipunguza, si haba. Vilipunguza mtetemo kidogo na vikapunguza kila kitu kingine sana. Alikuwa akisinzia mbele ya skrini saa nne asubuhi, kichwa kizito kama mtungi, na mara mbili alianguka akiinuka kitini. Alipoviacha, mtetemo ulirudi na riba. Alijaribu mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto haukujua kuchora, ila kutetemeka ulikuwa umeshajifunza.

Siri ile ilidumu hadi siku ya wageni. Walikuwa walimu wakuu kama hamsini, wamealikwa kuona vitabu vinavyotengenezwa, na mhariri, kwa nia njema, alimwomba Bi Mstari achore mbele yao huku skrini yake ikimulikwa kwenye ukuta mweupe wa ukumbi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu mhariri alimshika bega akasema, “Bibie, wewe ndiye fahari yetu,” naye akakosa pa kutokea. Alijiambia kuna kilainishi. Tisini, hata mia akitaka.

Asichokijua ni kwamba fundi wa kompyuta alikuwa amesasisha programu asubuhi ile, na mipangilio yote ilikuwa imerudi mwanzo. Kilainishi kilikuwa sifuri.

Aliketi. Akaweka kalamu kwenye kibao akavuta uso wa mtoto, kutoka kwenye paji hadi kidevuni.

Ukutani ulishuka mstari wenye urefu wa mtu, na kila mshtuko wa mkono wake ulionekana humo, mkali, safi, bila ukungu wowote, kama milima kwenye ramani. Alifikiri akichora haraka utanyooka. Akavuta jicho. Jicho likapasuka. Akavuta jingine, na kalamu ikagonga kibao kwa sauti, ta-ta-ta, ukumbi mzima ukiisikia. Mwalimu mmoja wa mbele alicheka kidogo akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Bi Mstari aliendelea. Hata yeye hakuweza kueleza baadaye kwa nini hakusimama. Alichora pua, akachora mdomo, akachora sikio, na mtoto yule akakaa pale ukutani kama aliyetolewa kwenye tetemeko, mpaka mpanga kurasa alipoinuka polepole akazima taa ya kumulikia na kusema kwa sauti ya uchangamfu, “Sasa twendeni tukaone mashine.”

Kesho yake mhariri alifunga mlango wa ofisi yake kabla ya kuzungumza. Alikuwa amelia, ilionekana.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambia nini?”

“Tusingekuweka pale.” Alipangusa meza isiyokuwa na vumbi. “Sikiliza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi ipo.”

Kazi ilikuwa hii. Katika miaka aliyotumia kibao, Bi Mstari alikuwa amechora picha zaidi ya elfu nne, na zote zilikuwa zimehifadhiwa nukta kwa nukta. Mstari wa nukta hauchakai. Mkono wa mtoto anayefua ungeweza kukatwa, ukazungushwa, ukapachikwa kwa mtoto anayeandika. Kichwa cha mkulima kingevaa mwili wa daktari. Kilichohitajika ni mtu wa kuzifungua picha zote, kuzitenganisha kiungo kwa kiungo, na kuzipanga kwenye ghala: macho huku, magoti huku, vidole huku. Baada ya hapo mpanga kurasa angeunga picha yoyote bila mtu kuchora.

“Na nani azijue kukushinda?” mhariri alisema. “Ni kubofya tu. Kubofya hakuhitaji…” Hakumalizia.

Jioni alimsimulia baba yake, pamoja na ile methali.

“Koleo!” mzee alisema. “Amwambie mhunzi aliyekatika kiganja.” Kisha akaanza kucheka, na bintiye akacheka naye, wakacheka hadi machozi, na machozi yalipoanza hakuna aliyejua wapi kicheko kiliishia.

Aliikubali kazi. Angefanya nini? Kwa miezi mitano alikaa kwenye kiti kile kile akikata. Mwanzoni alikuwa akikumbuka kila picha: huyu nilimchora mvua inanyesha, huyu alinisumbua goti. Baada ya wiki chache aliacha kukumbuka, kwa sababu kukumbuka kulichelewesha. Viwiko mia tatu na sitini. Visigino mia mbili. Mikono yake ilitetemeka, kipanya cha kompyuta kikatetemeka nayo, na haikujalisha, maana ukikosea unabofya tena.

Alipofika kwa bibi wa miwani alisimama. Bibi yule alikuwa mama yake. Hakuwa amemwambia mtu ofisini, lakini alimchora mwaka uleule mama alipofariki, kwa kumbukumbu, mkono huru, mara moja tu bila kurudia. Na zile nukta chache za shavuni ndizo zilizokuwa zimebaki za uso ule, kwa kuwa picha za kamera za nyumbani zote zilikuwa zimeliwa na unyevu.

“Huyu naomba tumwache,” alimwambia mpanga kurasa.

“Dada, orodha ya ghala ikikaguliwa nitasemaje?” Alimtazama usoni, akashusha sauti. “Basi nenda kanywe maji. Mimi nitamfanya vizuri.”

Alienda. Alikunywa maji glasi mbili, polepole, glasi ikigonga meno. Aliporudi, bibi alikuwa amegawanywa mafaili kumi na manne.

Kitabu cha kwanza cha ghala kilitoka kabla hata hajamaliza. Aliufungua ukurasa wa sokoni, akaona muuza vitambaa, bwana mnene mwenye masharubu, akipima kitambaa kwa mikono ya mama yake Bi Mstari. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa upande usio wake, kwa kuwa mkono ulikuwa umegeuzwa. Alimwonyesha mhariri kile kidole.

“Watoto hawataona,” mhariri alisema kwa upole.

Huenda hawakuona. Hakuna barua iliyokuja.

Ghala lilipojaa, kazi ikawa imekwisha, na hakuna aliyehitaji kulisema. Siku ya mwisho alikichomoa kibao, akakizungushia waya wake, akakipeleka stoo. Katikati yake kilikuwa kimelika kwa miaka ya kalamu, pamebaki doa linalong'aa. Mtunza stoo alikuwa mgeni pale, ana mwezi mmoja. Alikagua namba, akamsogezea fomu ya kurudisha vifaa.

“Weka sahihi hapo, mama.”

Aliweka. Mtunza stoo akalinganisha na sahihi ya kupokelea, ya miaka ile. Akakunja uso.

“Hii si yenyewe. Hebu rudia.”

Alirudia. Alijaribu kwa bega, kama alivyofundishwa. Alijaribu kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Mara ya nne karatasi ilichanika.

“Usijali, mama,” mtunza stoo alisema, na hakuwa na ubaya wowote. “Wapo wengi tu wasioandika. Weka dole gumba.” Akafungua kidau cha wino, akamshika kidole kwa uangalifu, akakigandamiza kwenye karatasi na kukizuia hapo mpaka kikatulia.

Aliingia nyumbani jua likiwa bado juu. Baba yake alikuwa amekaa mlangoni.

“Umewahi leo,” alisema.

“Nimewahi, baba. Umekula?”

“Bado.”

Akaweka mkoba chini, akaenda kuosha mikono, akarudi na bakuli la uji na kile kijiko. Uji ulimwagika kidogo njiani kutoka kwenye bakuli hadi mdomoni, na mzee akaupokea uliobaki, akatafuna pasipo na cha kutafuna, akasubiri kijiko kingine.