Kigiriki cha Mchungaji Bienfait

Mchungaji Bienfait, mzaliwa wa Beni, aliongoza kanisa dogo la Wakongomani pale Bukoto. Kwa miaka mitatu haikupita Jumapili bila yeye kusema, "Kwa Kigiriki cha asili..." Kigiriki chenyewe alikiokota kwenye video za simu. Mahubiri yaliyompa sifa zaidi ni yale ya neema. Alisema neno hilo kwa Kigiriki maana yake ni mvua, na watu wakalia.

Aliposikia kwamba Mwalimu Nabwire, Mkenya aliyesomea lugha za Biblia, anafundisha Kigiriki kila Jumanne huko Naguru, akaenda. Kusema kweli hakwenda kujifunza. Alitaka cheti cha kile alichodhani anakijua, akaomba aanzie darasa la tatu.

"Sawa. Nisomee hapa," Nabwire akasema, akimfungulia kitabu.

Bienfait aliutazama ukurasa, asitambue hata herufi moja. Akasingizia kwamba amesahau miwani.

"Miwani unayo usoni, Mchungaji," Nabwire akasema bila kucheka, akampa daftari. "Tuanze na alfa."

Wiki nzima aliandika alfa, ulimi ukimtoka pembeni kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Kisha beta. Kisha gama, iliyomkalia vibaya siku tisa. "Bingwa wa Kigiriki," alijisemea akifuta, "leo umepigwa na gama."

Baada ya miezi mitatu alianza kuunganisha maneno, na siku moja akalisoma mwenyewe neno neema.

"Mwalimu, mvua iko wapi hapa?"

"Mvua gani?"

Akamweleza mahubiri yake. Nabwire akaweka kalamu chini.

"Lina undugu na neno furaha. Mvua mimi sijaiona."

Jumapili Bienfait alisimama mbele ya waumini, shati limemganda mgongoni. "Ile mvua niliitunga. Nusu nilidanganya bila kujua, nusu nikijua."

Mama Kahambu, muuza vitenge, akajibu kutoka kitini. "Pastor, tulijua. Ukifika kwenye Kigiriki sauti yako inakuwa nyembamba."

Kanisa zima likacheka, naye akacheka, ingawa alichelewa kidogo. Baada ya ibada Mama Kahambu akamuuliza kama darasa bado lina nafasi.

Jumanne wakaenda pamoja. Kufikia wiki ya nne, Mchungaji ndiye aliyekuwa akiazima daftari la Mama Kahambu ili anakili.