Brandi ya Kumaliza Shule

Katika ukoo wa marehemu Marit, mtoto akimaliza sekondari hupelekwa kula samaki Ijumaa jioni, na mzazi wake humwagizia glasi ya brandi tamu yenye cheri, mbele za watu. Mtoto hunywa, hukunja uso, wakubwa hucheka, yakaisha. Huko Wisconsin, Marekani, hakuna anayeshangaa: mzazi akiwa mezani na ameridhia, hata kijana asiyefikia umri wa kunywa hupewa.

Marit alifariki Februari. Juni ilipofika, wa kumpeleka binti yake Annika alikuwa Leland Wojta, dereva wa lori la maziwa, aliyemwoa Marit binti akiwa bado mdogo wa kubebwa. Ndiye aliyemfundisha baiskeli na kukesha naye alipougua tetekuwanga. Lakini baba mzazi wa Annika alikuwa amezama ziwani zamani, na Leland, mtu wa haya kupita kiasi, hakutaka kukalia kiti cha marehemu. Mahakamani hakwenda kumfanya mwanawe kisheria. Binti alimwita kwa jina, naye akaona ndiyo heshima.

Wiki hiyo mama mdogo wa Annika alikuwa amepiga simu kutoka mji wa Duluth. Chumba kipo, aje akae kwake. Annika alisema atajibu baada ya samaki wa Ijumaa. Leland alitaka abaki kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, na hakumwambia hata neno moja. Watu wa huko ndivyo walivyo: watakuongezea viazi mpaka sahani imwagike, la moyoni utalisikia siku ya mazishi.

Mgahawa ulijaa. Walipata meza karibu na dirisha, wakazungumzia mvua, wakazungumzia breki za lori. Mhudumu alikuwa mgeni, mwanamke mchangamfu mwenye kalamu sikioni. Leland aliagiza samaki wawili, kisha akaanza kujikuna shingo. Annika akaona akimngoja atazeeka hapo.

"Na brandi tamu moja, yangu," akasema. "Baba ameniruhusu."

Neno "baba" hakuwa amelitamka maishani mwake kwa mtu aliye hai. Mashavu yalimwiva. Alikuwa amelifanyia mazoezi chumbani wiki nzima, maskini, na sasa alikuwa akimtazama Leland, akingoja.

Mhudumu akamgeukia Leland, akitabasamu. "Wewe ndiye baba yake?"

Angeitikia tu kwa kichwa. Mwanamke yule hakutaka zaidi ya hapo. Lakini Leland Wojta hakuwahi kudanganya hata kuhusu uzito wa samaki aliyemvua, na neno lenyewe lilikuwa limempiga kifuani hata akili ikamruka.

"Hapana, mama," akasema. "Mimi nilimwoa mama yake tu. Baba yake ni marehemu."

Mhudumu akaomba radhi. Sheria inataka mzazi, au mlezi aliyetajwa na mahakama, hivyo angemletea binti soda. Leland akamshukuru. Naam, akamshukuru.

Annika alimla samaki wake wote. Alikuwa amelelewa vizuri, hakutaka kumwaibisha mtu mezani. Leland aliongea kuhusu mvua tena, mpaka mvua yenyewe ikamwishia. Hapo ndipo alipotambua alichokitupa, akaweka uma chini.

"Annika, niliogopa kusema uongo."

"Haukuwa uongo," alisema binti, kwa upole kabisa. "Mpaka wewe uliposema hapana."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Aliufungua mdomo kumwambia abaki, kwamba ile nyumba bila yeye ni ukuta na bati. Lakini binti alimtangulia: mama mdogo angekuja Jumapili na gari kubwa, asijisumbue kubeba masanduku.

"Duluth ni pazuri," alisema Leland.

Annika akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha ili afute macho.