Mnyororo Mpya wa Mama-Mukwe

Katika mwaka ule wa vita, mjini Butembo, pikipiki nzima ilikuwa na umri mfupi kuliko kuku wa sikukuu. Askari wa chama kilichotawala, chama ambacho jina lake lilikuwa na herufi nyingi kuliko viatu vya askari wake, walijua neno moja la Kifaransa ambalo hawakulikosea kamwe: réquisition. Likishatamkwa, mwenye pikipiki alishuka, askari akapanda, na kilichosalia barabarani kilikuwa moshi na dua.

Katika mtaa mmoja wa mji huo ilibaki pikipiki moja tu, ya mchuuzi Kambere, wala haikubaki kwa sababu ya uchaji wa mwenyewe. Ilibaki kwa sababu ya kelele. Mnyororo wa ndani, ule unaopanda kutoka tumboni mwa injini kwenda kuzungusha vyuma vya kufungulia valvu, ulikuwa umelegea kwa uzee; na kikazio, ambacho Mola hakukipa kazi nyingine ila kuusukuma usilegee, kilikuwa kimechoka kuliko huo mnyororo wenyewe. Injini ilisikika kama kabati la vyombo linaloburutwa ngazini. Mara tatu askari waliiteka, na mara tatu waliirudisha kabla jua halijatua, wakiwa wameziba masikio. Wao ndio walioipa jina Mama-Mukwe, kwa kuwa haikunyamaza.

Juu ya Mama-Mukwe, Kambere na mkewe Katungu walipeleka liki, vile vitunguu vya majani marefu, na viazi vya milima ya Kipese hadi soko la Beni, mara tatu kwa juma. Shamba lao lilikuwa limekwisha kuliwa na vita. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa shamba. Wangeikosa, watoto wao wanne wangelala bila kula, na jambo hilo Katungu alilisema kila asubuhi, ili mumewe asije akalisahau njiani.

Basi siku moja, kwenye mlima wa kuingilia mji, Mama-Mukwe alikohoa na kuzima. Waliisukuma hadi kwa Muyisa fundi, Mnande Mwislamu mwenye ndevu safi na mikono michafu, ambaye hakuanza kazi bila bismillahi wala hakuimaliza bila kugombana na mteja. Muyisa alisimamisha ncha ya bisibisi juu ya injini, akaweka sikio kwenye mpini, akasikiliza kama anayepima moyo wa mgonjwa.

"Chaîne ya ndani imekwisha," akasema. "Wiki moja tena, itaruka meno. Valvu zitapiga piston, na motere itakuwa sufuria. Utapikia ndani maharagi."

"Mzee Muyisa, tengeneza," akasema Kambere, "lakini uache makelele."

Fundi akamtazama juu ya miwani. "Unasema?"

"Makelele njo inanilinda. Ikinyamaza, kesho iko ya commandant."

"Mudogo yangu, mimi niko na miaka makumi tatu mu kazi hii. Unataka siku ya kiyama nisimame mbele ya Mungu, aniulize: Muyisa, ile chaîne ulikaza? Nijibu: hapana, Bwana, niliacha nusu, juu ya Kambere?"

"Umwambie kulikuwa vita."

"Alikuwa anajua."

Mnyororo mpya na kikazio chake vilikuwa vimevuka mpaka wa Kasindi ndani ya gunia la sabuni. Muyisa alizitoa tangi na kofia ya injini, akafungua ubavu wa kushoto, akazungusha gurudumu la sumaku mpaka alama yake ikasimama sawasawa na ufa wa ganda. Kabla ya kuufungua mnyororo wa zamani, aliufunga kwa waya ili usiporomoke ndani. Kisha akauvuta polepole, akauning'iniza kidoleni. Ulipinda upande kama mlevi anayetafuta mlango. Ubao wa kikazio ulikuwa umechimbwa mfereji ambao panya angepita bila kuinama.

Akavisha mnyororo mpya, akalinganisha alama za juu na za chini, akaweka kikazio kipya, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili, taratibu, akimwomba Mungu masikio yake yasisikie chuma kikigongana. Hakusikia. Akafunga yote, akapiga teke la kuwasha.

Injini ikawaka. Ikavuma kwa sauti ya chini, laini, kama paka aliyeshiba. Kambere akaweka mikono kichwani.

"Mzee, umeniua!"

"Sikia ile sauti, mpumbavu weye. Sikia!"

"Ninasikia! Na askari naye atasikia! Rudisha ile ya zamani!"

"Toka mu atelier yangu," akasema Muyisa, "na ukitaka kulia, lilia nje. Hapa ni pa kazi."

Katungu, ambaye muda wote alikuwa ameketi juu ya mafungu ya liki, aliinuka. Akaomba mnyororo uliotupwa. Akautia ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga, akaongeza ubao wa kikazio na nati mbili za chuma, akaufunika, kisha akaufunga kwa mpira chini ya kiti, mahali ambapo mtetemo wa injini ni mkali. Kambere alipowasha, Mama-Mukwe akarudi duniani na maneno yake yote.

"Mama Joyeuse," akasema Kambere kwa unyenyekevu, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "ungekuwa général."

"Général iko na viatu. Twende."

Muyisa akageuza uso. "Mukono yangu haiko ndani ya ile mukebe. Mungu ameona."

Kizuizi kilikuwa katikati ya barabara ya Beni, mahali ambapo mlima unamnyang'anya mtu pumzi kabla askari hawajamnyang'anya kilichobaki. Palikuwa na mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na sheria moja: kila mwenye pikipiki azime injini, ashuke, asukume mpaka ng'ambo, asije akapita kwa kasi. Kambere na Katungu walikuwa wameitii sheria ile mara mia. Na bado, katika hekima yao yote ya mkebe, hakuna hata mmoja aliyeikumbuka.

"Mama-Mukwe anakuja!" akapiga kelele askari mmoja kijana, Jordy, aliyeletwa huko kutoka mkoa wa mbali. "Jamani, ule mwanamuke hachoke!"

Askari wakacheka. Kambere naye akacheka, akazima injini, akashuka, akaanza kusukuma.

Barabara ilikuwa ya mawe.

Kacha-kacha-kacha, ikasema Mama-Mukwe.

Kicheko kikakoma. Kambere akasimama, kelele ikasimama. Akajaribu hatua moja, kwa utulivu wa mtu aliyebeba mayai. Kacha.

"Papa," akasema Jordy, "umezima motere?"

"Nimezima."

"Donc nani anaongea?"

"Ni... ni uchovu ya safari."

Jordy akarudi nyuma hatua mbili, akafanya ishara ya msalaba kwa mkono ulioshika bunduki. "Commandant! Kuja uone! Motere imekufa lakini inaongea!"

Commandant Valère alitoka kibandani akifunga mkanda. Alikuwa mtu mnene wa taratibu, ambaye kabla ya vita aliwahi kuuza vyuma vya magari, na mashetani hakuyaamini mpaka ayapekue mfukoni. Akainama chini ya kiti, akafungua mpira, akatoa mkebe, akamimina mnyororo kiganjani. Akautazama. Akatazama injini iliyofungwa vizuri. Akapiga teke mwenyewe, na paka aliyeshiba akavuma.

"Ah bon," akasema polepole. "Chaîne mupya."

Katungu alishika kiti cha pikipiki kwa mikono miwili.

"Commandant," akasema, "ukiibeba, unibebe na miye. Na liki. Na batoto ine. Utatulisha siye bote."

Valère alikuwa akitazama nyuma ya kibanda, ambako pikipiki nyekundu, mpya, iliyotekwa kwa mfanyabiashara mmoja wa kahawa, ilikuwa imefunikwa kwa majani ya migomba. Akashusha sauti.

"Mama. Colonel anakuja hapa lundi. Amekwisha kamata motere ya bacommandant batatu. Nikibeba yenu, atazibeba zote mbili." Akaurudisha mnyororo ndani, akautikisa mkebe sikioni, taratibu, kwa mapenzi. "Hii, mulifunga wapi? Munionyeshe."

Katungu akamwonyesha. Akaufunga mkebe mwenyewe kwa mpira chini ya kiti cha pikipiki nyekundu, akaukaza, akamwambia Valère awashe. Pikipiki mpya ikaanza kulia kama kabati lile lile ngazini, na Commandant akatabasamu kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Kisha akaisukuma kidogo ikiwa imezimwa. Kacha-kacha. Tabasamu likafifia. Colonel alipenda kuona sheria ikifuatwa, angemwambia asukume.

"Jordy!" akanguruma. "Tangu leo, hapa hakuna mutu anazima motere. Ni ordre."

"Mais, commandant, wakikimbia?"

"Na bakimbie! Ordre ni ordre!"

Kambere na Katungu wakapita injini ikiwaka, kimya kimya, na Jordy akawapigia saluti kwa kutojua la kufanya. Kabla ya kufika Beni, Katungu alikuwa amekwisha kuokota mkebe mwingine.

Colonel alikuja Jumatatu, lundi yenyewe, akaisikia pikipiki ya Valère, akatema mate, akaenda zake. Habari hiyo ilishuka mlima upesi kuliko yeye. Kabla mwezi haujaandama tena, pikipiki zilizokuwa zimefichwa chini ya vitanda na ndani ya maghala ya viazi zilitoka kwenye barabara ya Beni, zote zikilia kwa sauti moja ya uzee, na askari waliziba masikio mpaka mikono ikachoka.

Aliyeteseka alikuwa Muyisa. Aliposimamisha bisibisi juu ya injini na kuweka sikio, hakujua tena kinacholia ni ugonjwa au ni mkebe. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, alipigilia misumari kumi kwenye mwimo wa mlango wa karakana, akamwambia kila aliyefika autundike mkebe wake pale kabla ya kuingia, kama viatu viachwavyo mlangoni mwa msikiti.

Wa kwanza kutundika alikuwa Kambere.