Nyutroni Iliyohasiwa

Valentino alishindwa kutulia kwenye benchi. Mwalimu Nazia, anayefundisha masomo ya jioni pale Masuguru, alikuwa amesema kwamba atakayeshindwa swali la atomu hatasajiliwa kwa mtihani, na yeye alishafeli mara mbili. Akasali kimoyomoyo, akasimama, akaketi tena.

"Shikamoo, mzee Valentino. Karibu ubaoni. Kwenye daftari umeandika nyutroni ni hasi. Kwa nini?"

"Marahaba, mwalimu. Si haina chaji? Kule kwetu Mazingara mimi ndiye ninayehasi madume ya ng'ombe. Likishahasiwa, halina kitu."

Darasa likaangua kicheko. "Mzee, hata atomu umeipitishia kisu?" akasema Rhoda, jirani yake wa benchi.

Mwalimu naye alicheka. "Hapa hasi ni kinyume cha chanya. Sasa ipi ni hasi?"

Valentino akahesabu kwa vidole. Protoni ni chanya, nyutroni haina kitu, ilibaki moja. Akachora kiini, akaziweka hizo mbili ndani. Nje yake akachora elektroni ikizunguka, akaitia alama ya kutoa.

"Nitakusajili," alisema mwalimu.

Valentino akarudi kwenye benchi akimshukuru Mungu, lakini miguu ilikataa kutulia.

"Tulia, mzee," Rhoda akamnong'oneza. "Sasa elektroni ni wewe."